Bei ya Injini ya Pili

Nyumbani kwetu Chimala, saa 1 ya kuruka ndege ya injini mbili ni magunia 13 ya mpunga. Nilipewa bei ya dola 520 kwa saa, mafuta na mwalimu vikiwa ndani. Nikaizidisha kwa shilingi 2,500 ili nipate namba nyepesi, ikaja 1,300,000. Wiki hiyo gunia la kilo 100 lilikuwa likinunuliwa kwa laki moja pale mashineni, ninapofanya kazi ya ukarani wa mizani. Ekari yetu moja, maji yakiwa ya kutosha na mbolea ikifika kwa wakati, inatoa magunia 22 ya Saro. Kwa hiyo nikikaa hewani dakika 60 nimekula zaidi ya nusu ekari, kabla sijatoa fedha ya pawatila, ya vibarua wa kupandikiza na ya vijana wa kuamia kwelea kwelea. Kwetu tunalipa ndege wafukuzwe shambani, halafu mimi nataka fedha hiyo hiyo ilipe ndege iruke.

Nina leseni ya urubani wa biashara, ile tunayoiita CPL, na saa 214 kwenye daftari langu. Zote ni za injini moja. Leseni hiyo ilikula ng'ombe 11 wa babu, mkopo wa SACCOS ambao baba amemaliza kuulipa mwaka jana, na mchango wa shangazi yangu wa Mbeya mjini. Ukinitazama kwa karatasi, mimi ni rubani. Ukinitazama kwa macho, mimi ni binti anayesimama kando ya mizani na vumbi la pumba kichwani, akiandika uzito. Kati ya hao wawili kuna vibali viwili: kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kuruka ndani ya mawingu bila kuona nje, na kibali cha injini mbili. Watu wakiniuliza kwa nini bado niko nyumbani, nawaambia ni mambo ya vibali. Hawaulizi tena. Neno hilo Tanzania linajieleza lenyewe.

Wengi wanaijua Chimala kwa dirisha la basi. Ni mji mdogo wa wilaya ya Mbarali, kwenye barabara kuu ya TANZAM, ukitoka Makambako kwenda Mbeya. Kaskazini kuna bonde la Usangu, tambarare ya mpunga mpaka macho yachoke. Kusini milima inasimama ghafla kama ukuta, na ukutani humo imechongwa barabara ya kwenda Matamba na Kitulo, yenye kona nyingi kiasi kwamba tunaiita kwa hesabu yake: Hamsini na Saba. Babu alishuka mlima huo akitokea Ukinga, kwenye viazi na baridi, akaja kutafuta joto na maji. Alipata ekari 6 karibu na mfereji. Ndizo ekari zinazozungumzwa hapa.

Msimu uliopita mnunuzi alikuja akatoa bei: milioni 6 kwa ekari. Ekari 4 zingetosha kulipia injini mbili: saa 12 za mafunzo, saa 2 za kujiandaa na kufanya mtihani, ada ya mtahini, nauli, na chumba cha kulala mwezi mzima. Milioni 24. Baba alikuwa tayari. Alisema hakuuza ng'ombe ili nije kupima pumba.

Mtu wa mbali anaweza kuona milioni 6 ni bei nzuri. Ila ardhi ya Mbarali haiuzwi kama shati. Tangu tangazo la serikali kuhusu mipaka ya Hifadhi ya Ruaha, ambalo huku kila mtu analiita GN 28 tu, hata mtoto wa darasa la tano anajua kuwa eneo lenye maji na lisilo na mgogoro haliongezeki. Ukiliuza, hulirudishi. Kwa hiyo kabla ya kumpa baba jibu niliona lazima nijiulize vizuri: ni nini hasa ninachokinunua?

Jibu la haraka ni kwamba ninanunua mlango. Q400, Airbus A220, Boeing 737 MAX na 787 za Air Tanzania, ATR za Precision Air, zote zina injini mbili. Ndege zinazotua Songwe, uwanja wa Mbeya uliofunguliwa mwaka 2012, ni za namna hiyo. Matangazo ya kazi ya rubani msaidizi wa mashirika hutaja kibali cha vyombo na cha injini mbili kabla hayajataja mshahara. Asiye navyo hata barua yake haisomwi.

Jibu la pili linaharibu la kwanza. Kazi ya kwanza ya marubani wengi wa Tanzania haiko kwenye mashirika hayo. Iko kwenye Cessna Caravan, ile ndege inayobeba watalii kwenda Serengeti, Ruaha na Nyerere, na abiria kati ya Dar es Salaam na Zanzibar. Caravan ina injini moja. Ni injini ya tabaini, imara, inayonguruma mbele ya pua, na ni hiyo hiyo moja. Rubani anaweza kukusanya saa 1,000 juu yake bila kugusa injini ya pili hata siku moja. Nami najua kwamba hata kiti cha Caravan hakitolewi bure; waajiri wengi wanataka uwe na saa mia kadhaa kwanza, na vijana wenye leseni kama yangu huanza kwa kupakia mizigo na kujaza fomu za safari uwanjani wakisubiri zamu. Hata hivyo foleni ile si ya injini mbili.

Maana yake ni kwamba ningeuza ekari 4 leo kununua ufunguo wa mlango ambao pengine nitaufikia baada ya miaka 3 au 4. Na ufunguo huu unashika kutu. Ulaya kibali cha injini mbili za pistoni hudumu mwaka 1 tu, kisha unarudi kupimwa. Hata mahali ambapo sheria ni laini kuliko hapo, mikono haina sheria: usiporuka, inasahau. Kila ukiwa nje ya kazi unaendelea kulipia. Cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho rubani wa biashara hawezi kuishi bila yake, hufanywa upya kila miezi 12. Mtu aliyekaa nyumbani na vibali vyote anafanana na mwenye gari lililoegeshwa: bima inaisha, matairi yanakauka, na hajafika popote.

Hata hivyo siwezi kusema injini ya pili ni karatasi tu. Niliwahi kulipa saa 1. Ilikuwa mwishoni mwa masomo yangu nje ya nchi. Nilikuwa na akiba kidogo ya fedha ya chakula, nikamwomba mwalimu anipeleke nikaonje. Ndege ilikuwa Piper Seminole, yenye viti vinne na injini mbili mabawani. Kwa mara ya kwanza pua mbele yangu ilikuwa tupu, haina panga linalozunguka, na mikono yangu ilikuta vishikio 6 pale nilipozoea 2 au 3.

Tulipofika juu ya kutosha, mwalimu akarudisha nguvu ya injini moja bila kuniambia ni ipi. Ndege haikuzima kelele, haikuanguka. Iligeuka. Pua ilikimbilia upande mmoja kama mkokoteni uliokatika kamba ya ng'ombe mmoja. Mguu wangu wa kulia ukasukuma pedali wenyewe, kabla sijafikiri, na ndege ikanyooka huku goti likitetemeka. "Mguu upi umelala?" akauliza. Wa kushoto. "Basi injini iliyokufa ni ya kushoto. Usiangalie saa za injini kwanza. Uliza mguu." Kisha akanifundisha utaratibu: sogeza nguvu zote mbele, tambua, hakikisha kwa kurudisha polepole nguvu ya ile unayoidhania ili uone kama kuna kitakachobadilika, ndipo uzime na kugeuza mapanga yake yakae ubavu kwa upepo, yasiwe breki.

Kwenye saa ya mwendo kulikuwa na mistari miwili ambayo ndege yangu ya injini moja haikuwa nayo. Mwekundu, kwenye noti 56: chini ya hapo pedali haina tena ubavu wa kuishikilia ndege ikiwa injini moja inavuta peke yake, nayo inaweza kujibinua. Wa bluu, kwenye noti 88: mwendo ambao injini moja iliyobaki inakupandisha vizuri kuliko mwendo mwingine wowote. Maisha ya rubani wa injini mbili, siku moja inapokufa, yako kati ya mistari hiyo. Saa 12 za mafunzo, kwa kiasi kikubwa, ni za kujifunza kukaa kwenye mstari wa bluu.

Nilitua nikiwa nimelowa jasho, nikamwuliza: kwa hiyo ikifa moja, nguvu inabaki nusu? Akasema nguvu ndiyo, inabaki nusu. Uwezo wa kupanda hapana. Sehemu kubwa ya nguvu ya ndege inatumika kuiweka tu hewani. Kinachopandisha ni ile ziada. Ukiondoa injini moja, ziada inapungua kwa asilimia 80 au zaidi. Seminole iliyojaa, ikiwa na injini moja, inaweza kupanda mpaka kama futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, kisha basi. Nikakumbuka kwetu. Uwanja wa Songwe uko juu ya futi 4,400. Yaani ndege ile ikijaa, ikaondoka Songwe mchana wa Oktoba wakati jua limekausha hewa, ikapoteza injini moja dakika ya kwanza, injini ya pili haikupeleki juu. Kazi yake ni kukuchagulia mahali pa kushukia. Na rubani asiyejua hilo, akavuta pua juu akiamini ana injini ya akiba, anautafuta mstari mwekundu kwa mikono yake mwenyewe.

Tarehe 4 Februari 2015 huko Taipei, ATR 72 ya shirika la TransAsia iliruka ikiwa na watu 58. Muda mfupi baadaye mfumo wa injini ya kulia ulikosea, panga lake likajigeuza ubavu. Ndege hiyo inaweza kuruka kwa injini moja, imetengenezwa hivyo. Marubani waliizima ya kushoto, ile nzima. Ndege iligonga daraja la barabara, ikaangukia mtoni, na watu 43 wakafa. Kila nikiisoma habari hiyo namkumbuka mwalimu akisema uliza mguu. Injini mbili zina namna yake ya kuua ambayo injini moja haina: zinakupa nafasi ya kuchagua vibaya.

Kwa hiyo kile kinachouzwa kwa dola 520 ni kitu halisi. Sikumficha baba hilo. Nilichotaka aone ni kwamba bei ina sehemu mbili: ni kiasi gani, na ni lini.

Tulikaa kikao Jumapili baada ya ibada: baba, mama, baba mdogo, mdogo wangu wa kiume, na shangazi kwenye simu iliyowekwa juu ya kigoda, sauti ikiwa wazi. Baba mdogo anaendesha Fuso, anateremsha viazi kutoka Matamba. Nilipoeleza habari ya injini moja kufa, wengine walishika vichwa, yeye akacheka.

"Mwanangu, hiyo naijua," alisema. "Watu wanadhani Hamsini na Saba unashuka kwa breki. Ukishuka kwa breki, kona ya ishirini zimeshawaka moto. Unashuka kwa gia. Breki ni ya kusimamia tu. Wanaokufa pale ni wenye magari mazuri wanaoamini breki."

Sikuwahi kusikia mtu akilieleza somo langu kwa ufupi namna ile.

Mama hakuwa na habari na gia. Yeye alikuwa na Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia uwanja, watu 19 kati ya 43 wakafa, marubani wote wawili wakiwemo. Tangu siku hiyo mama huwa anazima redio ikitajwa ndege. "Ile ilikuwa na injini ngapi?" aliniuliza. Mbili, mama. Akanyamaza, akaendelea kupeta mchele. Hakusema nisiruke, hajawahi kusema hivyo hata mara moja. Alitaka tu kila mtu pale asikie kwamba mbili si hirizi.

Shangazi akauliza swali la mjini: kwani serikali haisaidii? Nikamweleza ninachokijua. Zamani gharama hii haikuwa ya ukoo. Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, ili nchi tatu zifundishe marubani na mafundi wao pamoja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, shirika la East African Airways likafa, na Soroti ikabaki kwa Uganda. Leo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, Dar es Salaam, kimeingia kwenye mafunzo ya urubani kikisaidiwa na mradi wa Benki ya Dunia, nami natamani vijana wanaonifuata wakute njia hiyo imeshapanuka. Kwangu mimi, kilichokuwa mzigo wa nchi tatu kimeshuka hatua kwa hatua mpaka kikatua juu ya mfereji mmoja wa Chimala. Shangazi akaguna kwenye simu. "Basi Jumuiya ni sisi," akasema.

Aliyebaki kimya muda wote ni mdogo wangu. Ana miaka 22. Alimaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka mbele, akarudi jarubani. Ekari zile 6 zimo mikononi mwake: ndiye anayeamka usiku kufungua maji zamu yetu ikifika, ndiye anayejua ni pembe ipi inatuamisha na ni ipi inayokauka. Hati hana. Kwa mila na kwa karatasi ardhi ni ya baba. Tulipomwuliza, alisema kitu kimoja tu.

"Dada, ukipata kazi ya ile ndege ya watalii, injini ya pili utaiweka wapi?"

Halikuwa swali la kejeli. Alitaka kujua kweli, kama mtu anayeuliza mashine mpya itakaa upande gani wa ghala. Nilimwambia itakaa tu, ikisubiri. Akasema, "Basi hata shamba linaweza kusubiri."

Usiku huo nilichukua karatasi nikapanga njia mbili, na nitaziweka hapa kwa sababu najua kuna wengine wamekaa majumbani na daftari lenye saa 200 wakikokotoa peke yao. Namba ni zile nilizopewa mimi. Zako zitakuwa tofauti kidogo.

Kibali cha vyombo kinadai saa 40 za kuruka kwa vyombo. Kanuni za kimataifa zinaruhusu sehemu kubwa, mpaka saa 20 au zaidi kutegemea kifaa, ifanyike ardhini kwenye simuleta. Simuleta niliambiwa dola 80 kwa saa. Cessna 172 ya injini moja, dola 230. Injini mbili, dola 520.

Njia ya kwanza ni kufanya yote pamoja: saa 20 za simuleta, kisha saa 25 za injini mbili zinazofundisha mambo yote mawili kwa wakati mmoja. Jumla ni dola 14,600, milioni 36 na nusu. Ina uzuri wake: mtihani mmoja, safari moja, na ukirudi umekamilika. Wenye fedha huichagua, na wana haki.

Njia ya pili ni kuigawa: saa 20 za simuleta na saa 20 za Cessna 172, dola 6,200, milioni 15 na nusu. Hapo una kibali cha vyombo kwa injini moja, ambacho ndicho mwenye Caravan anakitaka. Injini mbili inakuja baadaye, saa 14 pamoja na mtihani, milioni 18 na laki mbili, na humo ndani unarudia pia vyombo ukiwa na injini moja iliyolazwa. Jumla ni kama milioni 34.

Ukizitazama harakaharaka unaona zinakaribiana. Ukiongeza safari ya pili na mtahini wa pili, ile tofauti inaweza kuisha kabisa. Kwa mtu anayetazama jumla tu, njia ya kwanza ni ya akili zaidi. Kwa ukoo wenye ekari 6 sivyo. Njia ya kwanza inataka zaidi ya milioni 36 siku moja, na kitu pekee kwetu chenye milioni 36 siku moja ni ardhi. Njia ya pili inataka milioni 4 za simuleta, kisha milioni 11 na nusu, kisha, siku kiti kikionekana, milioni 18. Hizo ni fedha ambazo mpunga unaweza kuzitoa, mradi asiuliziwe zote kwa msimu mmoja.

Wapo watakaosema kusubiri nako kuna bei. Ni kweli. Nilisoma na kijana ambaye wazazi wake walilipa kila kitu mfululizo. Alipotoka tu shirika moja lilikuwa linaajiri, akaingia. Leo anavaa mistari begani. Kama tangazo la namna hiyo litatoka mwaka huu, mimi litanipita, na huenda lisirudi kwa miaka mingine minne. Nimeliweka hilo kwenye hesabu. Nimeweka pia kijana mwingine wa darasa lile lile, mwenye vibali vyote viwili, ambaye mara ya mwisho tuliongea alikuwa anauza simu Kariakoo na kibali cha vyombo kilikuwa kimeshamwishia. Wote wawili walilipa bei ile ile. Tofauti yao ilikuwa ni mwezi waliomaliza.

Nilipompelekea baba karatasi aliisoma muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo nadhani lilikuwa likimsumbua tangu mwanzo. Je, ninakataa shamba lisiuzwe kwa sababu namwonea huruma, au kwa sababu ndiyo hesabu? Nikamwambia ni hesabu. Baada ya hapo nikaongeza kwamba hata ingekuwa huruma, angekuwa na kosa gani mtu akimwonea huruma baba yake? Akatabasamu, akasema mwanasheria ndiyo ningekuwa, na ada yake ni nafuu.

Tulikubaliana hivi. Hakuna ekari inayouzwa. Ekari 2 zimeandikwa kwa jina la mdogo wangu, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi, ili siku nyingine mnunuzi akija na baba akishawishika, kuwe na mtu wa tatu wa kuombwa ridhaa. Za mavuno ya mwaka huu, magunia 60 hayauzwi Juni. Juni kila mtu anavuna, kila mtu ana deni la mbolea, na bei inalala chini. Yanakaa ghalani mpaka Januari au Februari, wakati mji umemaliza akiba na magari ya Dar es Salaam yanapiga honi mashineni. Mimi ndiye karani wa mizani. Kupanda na kushuka kwa bei hiyo nakuona kila siku kabla ya watu wengi.

Mshahara wangu wa mashineni unaingia SACCOS. Jioni nasoma nadharia ya kibali cha vyombo, na mdogo wangu ananisahilisha maswali kutoka kwenye simu huku akiitamka Kiingereza kwa lafudhi ya mfereji. Nimemfundisha pia mambo ya injini mbili, maana aliyataka. Nilimkalisha kwenye kiti, nikaweka matofali mawili yawe pedali, nikamwambia sasa injini ya kulia imekufa, sukuma. Akasukuma mguu wa kushoto sawasawa mara ya kwanza. Nikamwuliza amejuaje. Akasema pawatila likizama gurudumu moja jarubani, linakuvuta upande ule ule, usipolikaza kinyume linakuangusha kwenye maji.

Nafasi ya simuleta nimeshaiandikisha, wiki 3 za mwezi Machi. Hawakutaka malipo ya awali zaidi ya laki 5, nami nilikuwa nazo.